Ndege Tuliyemruka

Mwalimu wa kikundi chetu cha kutazama ndege alikuwa anasoma majina ya ndege kwa sauti yake ya darasani. Tulikuwa tumeketi kivulini karibu na gati la Capri Point, Mwanza, boti imeshatushusha kutoka kisiwa cha Saanane, jua limeanza kuchoma, na kila mmoja anatafuta chupa yake ya maji. Yeye anataja, sisi tunaitikia. Mnandi? Tumemwona. Yangeyange? Tumemwona. Mdiria? Tumemwona, tena wengi. Alipofika kwa furukombe, yule tai mla samaki, watu walipiga makofi.

Alipomaliza, kijana mdogo aliyekuja na shangazi yake akauliza, "Mwalimu, na wale pale?"

Akanyoosha kidole. Juu ya paa la bati, mwambaoni, walikuwa wamesimama makorongo wenye vichwa vya upara, mabega yamepanda juu, mfuko wa ngozi nyekundu unaning'inia shingoni. Wale ambao vitabu vya ndege huwaita marabu, na ambao mtu wa Mwanza hahitaji kitabu ili awajue.

Dada mmoja wa kikundi akamjibu kabla ya Mwalimu. "Hao waache, baba. Hao ni wa jalala."

Mwalimu akalitazama lile paa, akaitazama saa yake, akafunga daftari.

Jioni orodha ikaingia kwenye kundi letu la WhatsApp, furukombe akiwa juu kabisa na picha yake imezungukwa na mioyo myekundu. Watu wakashukuru, wakaulizana safari ijayo ni lini. Korongo hayumo. Hakuna aliyesema neno, na mimi mwanzoni sikuona kama kuna neno la kusema. Ila swali la yule mtoto lilikataa kuondoka. Wiki zikapita, na kila nilipopita barabara ya mjini nikawaona wanazunguka angani juu ya kilima cha Bugando, nilijikuta nauliza: sasa hawa nao walituona?

Asubuhi ya kisiwani

Saanane mnaijua, sitawaeleza ilivyo. Nitasema jambo moja tu, kwa sababu linahusika. Kile kisiwa kilichopewa jina la mvuvi na mkulima Mzee Saanane Chawandi kiligeuzwa bustani ya wanyama mwaka 1964, ya kwanza nchini. Wanyama waliletwa kutoka kwingine ili watu wa mjini wawatazame. Mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa, ndogo kuliko zote tulizonazo, kilomita za mraba 2.18, na humo maji yamehesabiwa.

Yaani kwa muda mrefu pale pamekuwa mahali ambapo binadamu huchagua mnyama gani anastahili kutazamwa.

Sisemi hivyo kwa kulaumu. Asubuhi ile ilikuwa nzuri mno. Pimbi wameanikwa na jua juu ya majabali. Mijusi ya kichwa chekundu inapiga vichwa juu chini kama kawaida yao. Mnandi wamejipanga kwenye mwamba wa majini, mabawa wazi, maana manyoya yao hulowa wanapozama kutafuta samaki na lazima wayakaushe. Mwalimu alitufundisha kusimama. Ni somo gumu kuliko linavyosikika: kikundi cha watu wazima, kila mmoja ana simu mfukoni, waambiwe wasimame mahali pamoja na wasiseme kitu mpaka sikio lizoee. Baada ya muda ndipo tukaanza kusikia kwamba ile kelele moja ilikuwa ni sauti za ndege wengi tofauti. Kwera wanagombania majani ya kujengea. Kwarara anapita juu analalamika. Na kutoka mbali, upande wa maji, furukombe, kichwa kimetupwa nyuma, anaita mpaka ngozi inasisimka.

Lakini aliyeniteka mimi ni mdiria, yule mweupe na mweusi ambaye yuko kila mahali ziwani hadi tumeacha kumwona.

Alikuwa amesimama hewani. Hakuna upepo, hakuna tawi, na yeye amesimama juu ya maji kiasi cha kimo cha mlango. Mabawa yanapiga kwa kasi hadi huyaoni vizuri, lakini kichwa, jamani, kichwa hakitikisiki kabisa. Mdomo umeelekea chini, jicho liko sehemu moja. Kisha akaanguka. Akatoka na kitu kinachong'aa mdomoni, akatua kwenye jiwe hatua chache kutoka tulipokuwa, akakipigapiga kwenye jiwe kushoto, kulia, kushoto, akakigeuza kichwa kikatangulia, akameza. Alikuwa dume. Kifuani ana mikanda miwili myeusi. Jike ana mmoja, na huo umekatika katikati.

Nilikiona kile alichomeza. Alikuwa dagaa.

Wakati ule sikulitia maanani. Dagaa, ziwani, kuna ajabu gani?

Kirumba

Asubuhi moja nikaamua kwenda mwaloni, kwenye soko la samaki la ufukweni, peke yangu, na darubini shingoni. Darubini mwaloni inavuta macho ya watu. Mtu mmoja alidhani nimetoka serikalini kuja kukagua nyavu, akaanza kukunja vitu vyake. Nikamwambia naangalia ndege. Akanitazama muda mrefu zaidi.

Sikuhitaji darubini. Korongo walikuwa hapohapo, kati ya ndoo na matenga, wanatembea kwa hatua ndefu za mtu ambaye hana haraka. Ukiwa umbali wa hatua tatu ndipo unaona jinsi walivyo wakubwa. Aliye karibu nami kichwa chake kilifika kifuani kwangu. Ngozi ya kichwa ina madoa na vipele, na nywele chache zimesimama. Miguu, ambayo kwa asili ni ya rangi ya giza, ilikuwa myeupe kama iliyopakwa chokaa. Ni mavi yake mwenyewe. Hujinyea miguuni kusudi, na unyevu ule unapokauka unaupoza mwili kwenye joto. Ule mfuko wa shingoni, ambao wengi hudhani ni ghala la uchafu alioumeza, hauna chakula ndani. Ni wa hewa. Huujaza na kuutoa, hasa wakati wa kutafuta mwenzi.

Na akiruka! Mabawa yake yakikunjuka yanapita mita 2.5 kutoka ncha hadi ncha. Huyu mnyonge wa jalalani akishapata hewa ya moto inayopanda kutoka kwenye miamba yetu, hapigi bawa hata moja. Anazunguka tu, anapanda, mpaka anakuwa nukta.

Kulikuwa na mama anapara sato kwenye ubao. Nikamwamkia. "Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka. Nikupimie?"

"Leo naangalia hawa ndege."

Kisu kikasimama. "Hawa?"

"Hawa."

Akacheka, akaendelea kupara. Utumbo anautupa pembeni, bila kuangalia, na korongo aliyekuwa nyuma yake anauchukua kabla haujatulia chini. Nikamuuliza kama hawamsumbui. Akasema anayemsumbua ni paka, maana paka anataka samaki mwenyewe. "Huyu anataka kile nisichokitaka. Akichelewa kuja, mpaka saa tano hapa hapakaliki kwa nzi." Kisha akanionyesha mmoja aliyekuwa anachechemea, uzi wa timba, ule wavu wa kuvulia, umemkaza juu ya kidole cha mguu, nyama imevimba pande zote mbili. "Yule namjua tangu mvua za vuli. Anangoja nimalize, hagombani na mtu."

Nikawa nimeshaaga, akaniita. "Mwanangu, nyie wa darubini mkishawahesabu, inakuwaje?"

Nikamjibu kitu kuhusu kumbukumbu na uhifadhi. Aliitikia kwa heshima. Lakini nilisikia mwenyewe jinsi jibu lilivyokuwa jepesi, kwa sababu ndege pekee ambaye yeye anamfahamu kwa miezi, anayemtambua kwa mwendo wake, ndiye ambaye kikundi chetu hakikumhesabu.

Alichomeza mdiria

Hapo ndipo mambo yakaanza kugeuka kichwani mwangu, na aliyeyageuza si korongo. Ni mdiria.

Kuanzia mwaka 1977 watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuwa hapa Mwanza wanachunguza furu, samaki wadogo wa ziwani. Wakati huo ziwa lilikuwa na furu wa zaidi ya spishi 500, wengi hawapatikani popote pengine duniani. Watafiti wawili waliofanya kazi kwenye ghuba yetu, Jan Wanink na Kees Goudswaard, walifanya jambo ambalo nilipolisoma nilisimama nikatembea chumbani. Waliokota matapishi ya mdiria.

Mdiria humeza samaki mzima. Mifupa na magamba ambayo tumbo limeshindwa huyatapika yakiwa yameshikamana kama kidonge, na vidonge hivyo hurundikana chini ya mahali anapopenda kukaa. Ukivipasua na kuvisoma mfupa kwa mfupa, unajua amekula nini. Matapishi ya kabla sangara hajatamalaki yalionyesha furu. Sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, alifumuka katika ghuba ya Mwanza katikati ya miaka ya 1980, na furu wakaisha mbele yake. Inakadiriwa spishi 200 hivi zilitoweka ziwani. Matapishi ya baada ya hapo yalionyesha dagaa. Na kwa kuwa dagaa ana nyama kidogo kuliko furu, ndege yuleyule ilimbidi avue samaki wengi zaidi kwa siku ili ashibe. Waliyachapisha hayo mwaka 1994.

Fikiria hilo wakati unamtazama amesimama hewani.

Kile nilichokiona pale kwenye jiwe la Saanane, lile pigo la kushoto na kulia, lile nililoliona kuwa ndilo ziwa lenyewe lilivyo tangu enzi, lilikuwa chakula kipya. Babu wa babu yake mdiria yule alikuwa mla furu. Yeye anaishi kwa kile kilichobaki baada ya sisi binadamu kupanga upya meza ya ziwa zima.

Kuna utafiti mwingine, huu wa upande wa Kenya. Heinz-Ulrich Reyer alilinganisha mdiria wa Ziwa Victoria na wa Naivasha. Mdiria wana desturi ya wasaidizi: madume wasio na wenzi hulisha makinda ya jozi nyingine. Naivasha, dume mgeni akija kuomba kusaidia alifukuzwa. Kwetu huku alipokelewa, kwa sababu kulisha makinda kwenye ziwa hili ni kazi nzito kwa wazazi wawili peke yao. Reyer aliyaandika hayo mwaka 1980, hata kabla furu hawajaisha. Yaani ziwa letu lilikuwa gumu kwa mdiria zamani, likazidi kuwa gumu, naye bado yupo, na sisi tunamwona ndege wa kawaida.

Na furukombe tuliyempigia makofi? Naye huvua, ndiyo, na hakuna anayevua kwa uzuri kama ule. Lakini pia hupora. Koikoi akipata samaki mkubwa, furukombe akiwa karibu, huyo samaki ana wenyewe. Mzoga nao hula akiukuta.

Sasa nani hasa ni wa ziwa na nani ni wa jalala?

Nilikaa na swali hilo siku nyingi. Nilianza kuona kwamba orodha yetu nzuri ilikuwa picha ya ziwa ambalo halipo. Ziwa lisilo na sangara, lisilo na viwanda vya minofu, lisilo na Mto Mirongo unaoshusha mjini kila kilichotupwa Jumatatu mpaka Jumapili. Tulikuwa tumevuka maji kwa boti ili tuwaone ndege bila kuwaona watu, halafu tukamwacha yule ambaye ukimwangalia lazima uwaone watu.

Mwalimu ana hoja

Nilimfuata Mwalimu kwake Nyegezi. Sikutaka kumwandikia kwenye kundi, si mtu wa kubishiwa hadharani, amefundisha baiolojia nusu ya watu wa mji huu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanijibu jambo ambalo bado linanikwamisha, na ninataka niliandike kwa haki.

Alisema: "Mimi simdharau korongo. Nimemfundisha. Lakini mwanangu, korongo hana shida. Anaongezeka. Ukimweka kwenye orodha, orodha inanenepa, na mtu anayeisoma atasema ziwa lina afya, tazama ndege walivyo wengi. Wewe unaandika homa kwenye kadi ya mwaliko."

Nikamwambia homa huandikwa kwenye kadi ya kliniki.

"Ndiyo," akasema, "na ile tuliyoituma kwenye kundi ni kadi gani?"

Sikuwa na jibu la haraka. Akaendelea, sasa kwa uchungu ambao sikuutarajia. Akanisimulia korongo taji aliokuwa akiwaona utotoni kwenye majaruba ya mpunga, jozi kwa jozi, wanacheza, wanarusha majani juu, na wazee hawaruhusu mtoto awarushie jiwe. Ndege yule tangu mwaka 2012 amewekwa kwenye kundi la walio hatarini kutoweka duniani. Maeneo oevu yamekaushwa, mayai na makinda yamechukuliwa kuuzwa, wengine wamekufa kwa sumu ya mashambani. "Huyo ndiye ninayemtafuta kila tukitoka," akasema. "Kila tukitoka. Nikimaliza orodha bila yeye, nafasi ile ninaiona mimi peke yangu. Sasa unataka niijaze na marabu?"

Nadhani hapo ndipo nilipoelewa kwamba yeye na mimi tulikuwa tunalalamikia kitu kimoja. Yeye anaumizwa na ndege ambaye hayupo na orodha haisemi. Mimi ninaumizwa na ndege ambaye yupo na orodha haisemi.

Mashaka yangu, hata hivyo, yaliongezeka. Kwa sababu ni kweli: kumpenda korongo wa mwaloni kunaweza kuwa njia ya kuuzoea uchafu. Unaanza kwa kusema anasafisha, ni mtumishi wa bure, mungu ampe maisha. Unaishia kusema basi mji usihangaike na taka, ndege wapo. Nimesikia watu wakisema hivyo kwa midomo yao. Na yule anayechechemea na timba mguuni ni ushahidi kwamba jalala halimlei bure. Linamlisha na linamkata.

Sababu ya kuhesabu

Kilichonitoa kwenye mkwamo ni sensa ya Januari. Kila Januari watu katika nchi nyingi huhesabu ndege wa majini, kazi iliyoanza mwaka 1967, na kwa Afrika mwaka 1991. Wanaohesabu hawachagui. Mwenye taji, mwenye upara, aliye mmoja, walio elfu, wote huandikwa. Na namba ya mwaka mmoja peke yake haina maana kubwa. Maana inakuja ukiweka Januari hii kando ya ile.

Chukua mapanki. Zamani viwanda vya minofu vilipoanza mwambaoni, ile mifupa na vichwa vya sangara vilikuwa taka. Leo mapanki yana mnunuzi: yanakaangwa yanauzwa, yanasagwa yanakuwa chakula cha kuku. Mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara, ndiyo usiseme, yana bei kuliko samaki mwenyewe. Kila kitu kinachopata mnunuzi kinatoka mdomoni mwa korongo. Ikiwa miaka ijayo hata utumbo utapata mnunuzi, au mji ukaamua kweli kuzoa taka zake, korongo watapungua, na kupungua kwao kutakuwa habari njema iliyoandikwa kwa ndege. Lakini nani ataisoma kama hatukuwahi kuwaandika walipokuwa wengi?

Na kinyume chake pia. Wakiongezeka maradufu, nayo ni habari, na si ya kupigiwa makofi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na Mwalimu bado. Yeye anaona ndege wa kuandikwa ni yule tunayeogopa kumpoteza. Mimi naona ndege wa kuandikwa ni yule aliyepo, na pembeni yake, kwa herufi zilezile, yule tuliyemtafuta tukamkosa. Korongo taji: hatukumwona. Mstari huo nao uandikwe, kila safari, asibaki nao Mwalimu moyoni.

Nilimpigia simu nikamwambia hivyo. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Huo mstari naukubali." Juu ya korongo akasema atafikiri.

Safu ya tatu

Baada ya siku chache alinitumia picha ya ukurasa wa daftari, ameuchora upya kwa rula. Safu ya kwanza, jina. Ya pili, idadi. Ya tatu ameandika kwa herufi kubwa: ALIKUWA ANAKULA NINI.

Chini yake maelezo. Marabu ataandikwa, kwa sharti kwamba safu ya tatu ijazwe kwa kila ndege, asiachwe hata furukombe. Usipoona alichokula, acha wazi, usibuni. Ukiona, andika ulichoona, hata kama kinakuudhi.

Niliufurahia ukurasa ule kuliko picha zote za safari. Orodha ya namna hiyo haiwezi kunenepa kwa uongo. Makorongo arobaini waliokula utumbo na makorongo arobaini waliokula vyura wa majarubani ni namba ileile, lakini ni maziwa mawili tofauti. Na mdiria atapata haki yake: pale panapoandikwa dagaa, siku moja huenda tukaandika furu, maana baadhi yao walianza kuonekana tena baada ya sangara kuvuliwa sana.

Niliujaribu mwaloni kabla ya kuwaonyesha wengine. Yule mama wa sato alitaka kujua ninaandika nini, nikamsomea safu zote tatu. Aliona safu ya tatu ndiyo yenye akili. Akaanza kunitajia: yule pale kachukua utumbo, yule kichwa cha dagaa waliomwagika, yule mwewe kaiba kipande kwenye beseni la jirani. Alikuwa ananizidi kasi. Kisha tukamwona korongo mmoja akiokota utumbo uliokuwa umejisokota na kipande cha nailoni, kile cha kufungia karanga. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini vipande vya namna hii viko kila mahali kwenye mchanga. Mama akapiga kelele, akamtupia ndege ndala. Ndege akarudi nyuma hatua mbili, akameza vyote.

Mama akanigeukia. "Na hiyo utaandika chakula?"

Nilimuuliza Mwalimu. Alinijibu kwa ujumbe wa maneno mawili: "Andika vyote."

Safari ijayo tunaanzia Kirumba alfajiri, mashua za dagaa zinaporudi, hivyo tumechagua siku za giza, maana mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa dagaa hawatoki. Saa tatu tutaelekea Capri Point, tuvuke. Darubini za kuazimana zipo chache. Njoo na viatu visivyoogopa matope, na penseli, kwa sababu wino unafutika ukirukiwa na maji.